Hesabu za Mzee Saa

Mume wangu hana saa, lakini watu wote wanamwita Mzee Saa. Mimi ni mkewe kwa mwaka wa thelathini na nne sasa, fundi cherehani, na kabla sijafika mbali niseme mapema kwamba nina mdomo. Wanaonijua wanajua. Nikikuudhi nitakuomba radhi kesho, lakini leo utanisikia. Nasema hivi ili mtu asije akadhani kwamba zile siku mbili nilinyamaza kwa sababu ya upole. Upole huo sina. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa.

Mzee wangu ni mtunza bwawa. Si yale mabwawa makubwa ya umeme yanayopigwa picha magazetini. Letu ni bwawa dogo la kumwagilia, tuta la udongo lililozuia kijito ili mashamba ya chini yapate maji wakati wa kiangazi. Mashamba yenyewe ni mia na ishirini na kitu. Lakini katikati ya tuta na mashamba kuna nyumba za watu na kuna shule ya msingi, na ndiyo maana bwawa hilo, pamoja na udogo wake, lina kamati, lina daftari, na lina injinia anayekuja kutoka ofisini kulikagua kila baada ya miezi sita.

Tuta la udongo halikosi kupenyeza maji kidogo. Mzee wangu huwaambia watu kwamba linatoka jasho kama mtu yeyote aliye kazini. Waliolijenga walilikusanya jasho hilo kwenye bomba moja linalotokeza chini ya tuta, upande wa shule. Kila asubuhi yeye anatega ndoo ya lita ishirini chini ya bomba, anahesabu mpaka ijae, anaandika. Ikijaa kwa sitini, mambo ni sawa. Ikianza kujaa kwa hamsini, kwa arobaini, maana yake maji yanayopita ndani ya tuta yanaongezeka. Na tuta la udongo likishaanza kuliwa kwa ndani, halikupi nafasi hata ya kutafuta viatu.

Mwanzoni alipewa saa ya mkononi. Ikafa mwaka wa pili. Akaomba nyingine, akajibiwa kwamba ombi lake limepokelewa, na likaendelea kupokelewa miaka sita. Yeye hakungoja. Akaanza kuhesabu kwa mdomo, moja mpaka kumi, anakunja kidole. Moja mpaka kumi tena, anakunja cha pili. Ndoo ikijaa anatazama mikono yake. Injinia alipomkuta anafanya hivyo alicheka, akatoa simu, akampima mara kumi. Mara kumi zote alipishana na simu kwa sekunde moja, au hakupishana kabisa. Injinia akaandika kwenye ripoti kwamba hesabu ya mtunza bwawa inaaminika. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Mzee Saa, na mwenyewe alilipenda, ingawa alijifanya halimhusu. Mimi nilikuwa nikimuuliza ni saa ya namna gani isiyojua saa ya kula.

Sasa mwaka huu, kuanzia mwezi wa pili, ndoo ikaanza kujaa upesi. Kwanza hamsini na nane. Kisha hamsini na tano. Aliporudi nyumbani alikuwa hasemi, anakaa kwenye benchi langu la kukatia nguo na kutazama vidole vyake. Mwezi wa sita ikawa arobaini na tisa. Mwezi wa nane ikafika arobaini na nne, na ofisi, iliyokuwa ikitumiwa namba hizo kila mwisho wa mwezi, ikaleta barua. Alhamisi ijayo injinia atafika na ufunguo wa valvu ya kutolea maji. Maji yatashushwa mpaka nusu ya bwawa, kwa usalama wa walio chini.

Wakati huo mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele. Mkulima yeyote atakwambia kuwa hapo ndipo mahindi yanapotaka maji kuliko siku nyingine zote, na ukiyanyima utavuna gunzi lenye meno matatu. Mkutano wa kamati ulikuwa wa moto. Mwenyekiti, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, alijaribu kuwatuliza kwa kusema usipoziba ufa utajenga ukuta, akazomewa. Mzee wangu ndiye aliyesimama akawanyamazisha. Alisema, "Shamba likifa tutapanda tena. Mtoto hapandwi." Akakaa. Hakuna aliyebisha tena, kwa sababu huyu ndiye mtu aliyeshuka kwenye lile bomba kila asubuhi kwa miaka minane, mvua na jua, na hajawahi kuwaambia uongo hata mmoja. Nilikuwa nimesimama nyuma na wanawake wenzangu. Nilijiona mwanamke mwenye bahati.

Hiyo ilikuwa wiki moja kabla ya Alhamisi. Jumatatu yake mzee akateleza kwenye ngazi za kushukia bombani. Hakuumia, alichubuka kiwiko tu, lakini mimi nilimpigia kelele kama aliyefanya makusudi. Nikamwambia kesho sikuachi uende peke yako, ndoo nitabeba mimi. Akasema ndoo ya serikali haibebwi na fundi cherehani. Nikamwambia kiwiko cha serikali mbona nimekisafisha na dawa mimi. Tukaenda wote.

Asubuhi ya Jumanne ilikuwa tulivu. Nilitega ndoo, nikachuchumaa kando, naye akasimama na fimbo yake akaanza. Moja, mbili, tatu. Sasa mimi mguu wangu umekanyaga cherehani miaka ishirini na mitano. Nikisikia mtu anahesabu, nahesabu naye kimoyomoyo, siwezi kujizuia. Nilipofika kumi, yeye alikuwa saba. Nikajiambia ndiyo mimi huyo na haraka zangu. Nikapunguza, nikaanza upya, sasa kwa utaratibu, kama ninavyohesabu mishono ya kola. Bado nilimwacha nyuma. Kati ya tano yake na sita yake palikuwa na nafasi ambayo ungeweza kumeza mate ndani yake.

Ndoo ilipojaa alikuwa amekunja vidole vinne, na mdomoni alikuwa na nne. Mimi nilikuwa kwenye sitini, labda na moja.

"Arobaini na nne," alisema. "Leo tena." Alisema kwa huzuni, kama mtu aliyemwona mgonjwa wake hana nafuu.

Nikamwaga maji, nikabeba ndoo, tukarudi. Njiani nilitembea nyuma yake, na kwa mara ya kwanza nikamtazama anavyotembea. Mkono wa kushoto ulisukuma fimbo. Wa kulia ulining'inia tu, hauendi mbele wala nyuma.

Nyumbani nikabandika mayai. Nikamwambia, "Hebu nihesabie dakika tano, leo nataka kiini laini." Hilo lilimfurahisha, maana siku zote nilikuwa napika kwa kukisia. Akakaa kwenye kigoda akaanza kuhesabu na kukunja vidole, vyote kumi mara tatu, na mimi nikawasha saa ya simu mfukoni mwa aproni. Alipotangaza kuwa tayari, nikageuka dirishani nikaitoa. Dakika saba kasoro sekunde chache.

Nikamenya mayai. Yalikuwa magumu. Akala, anatafuna taratibu, na mimi nimekaa mbele yake nikiyakumbuka yote niliyoyaona mwaka mzima nisiyaone. Vifungo vya shati vinavyomchukua muda wa mimi kufua na kuanika. Chai inayopoa mbele yake. Siku alipochelewa kunishikia kitambaa nikamwita kobe mbele ya wateja, na wao wakacheka, na yeye akacheka pia. Niliona haya. Nilimhurumia, na nilimpenda yule mzee na makombo ya yai kwenye ndevu zake.

Bwawa halikuwa linavuja zaidi. Bwawa lilikuwa vilevile. Aliyekuwa anapungua mwendo ni yeye, kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, na kila alivyopungua, ndoo ilionekana kujaa upesi.

Ungedhani mtu mwenye mdomo kama wangu angeruka palepale. Haya, ruka. Umwambie nini? Kwamba miezi saba umekwenda bombani kila siku ya Mungu, ukaandika ugonjwa wako mwenyewe kwenye daftari la bwawa? Nikisema, namwondolea kazi na lile jina, tena mbele ya watu waliokubali kupoteza mahindi yao kwa sababu ni yeye aliyewaambia. Nisiposema, Alhamisi valvu inafunguliwa na jasho la watu mia na ishirini linakwenda na maji bure. Na palikuwa na jambo la tatu lililonitisha zaidi ya hayo. Mimi si injinia. Je, kama nimekosea? Kama maji kweli yanaongezeka, na mimi kwa kumpenda mume wangu nikawaambia watu walale, halafu tuta likakatika juu ya shule?

Jumatano nilijaribu. Nilimkuta uani anasugua buti zake za mpira kwa brashi, anazisugua mahali palepale. Nikamwita, "Baba watoto." Akainua uso. "Injinia kesho ataniuliza niliona lini mara ya kwanza," akasema. "Nimeukunja ukurasa. Nitamwonyesha tarehe." Uso wake ulikuwa mkunjufu kiasi kwamba nikabadilisha maneno. Nikamwambia buti zimetakata, aniachie brashi nisugue sufuria. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi methali hiyo nimewapa wateja wangu mara nyingi, bure, nikiwapima mabega. Kumbe ni rahisi kuitoa maradhi yakiwa ya jirani.

Alhamisi saa mbili asubuhi watu walikuwa wamekwisha jaa chini ya tuta. Injinia alishuka garini na ufunguo wa valvu, chuma kirefu kuliko yeye. Ni mwanamke wa umri wa binti yetu wa kwanza, na ni yeye yule aliyempima mzee na simu miaka ile. Alimwamkia, "Shikamoo baba," akamshika mkono, akaushika kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Halafu akasema kabla ya kufungua chochote atapima mwenyewe, ili namba ya siku ya kufungua iwe ya ofisi.

Alitega ndoo, akabonyeza simu. Tukangoja. Ndoo ikajaa.

"Sitini na moja," alisema.

Akapima tena. Sitini. Mara ya tatu, sitini na moja. Mwenyekiti akatabasamu, akawageukia watu ashangilie nao, lakini injinia alikuwa amechukua daftari anatafuta ukurasa wa jana. Jana ilikuwa arobaini na nne. Nilimwona anavyobadilika rangi.

"Sikilizeni," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Hii si habari njema. Maji hayawezi kupungua hivi kwa usiku mmoja bila sababu. Yaliyokuwa yanatoka hapa jana, leo hayatoki hapa. Maana yake yamepata njia nyingine, na hatujui ni wapi." Akamwambia mwenyekiti kwamba habari ya nusu bwawa imekwisha, valvu itafunguliwa yote, bwawa likauke. Shule ifungwe sasa hivi. Walio kwenye nyumba za chini watoke kabla ya saa sita, wabebe wanachoweza.

Mwenyekiti na ile sauti yake yote alifungua mdomo pasitoke kitu. Mwanamke mmoja akaanza kukimbia kuelekea nyumba za chini akiita majina ya watoto wake. Na mzee wangu akachukua fimbo. "Mimi nakwenda shuleni," alisema. "Walimu wananijua." Akageuka kwa hatua ndogo ndogo, kama mtu anayegeuka kwenye chumba chembamba, akaanza kupanda njia, mkono wa kulia ukining'inia.

Nilimtazama mgongo. Nikajua kwamba ataingia kwenye yale madarasa na kuwatoa watoto nje kwa hofu ambayo haipo, na kwamba atafanya hivyo kwa moyo wake wote, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemwacha aende.

"Subiri," nikasema. "Msifungue. Maji hayajabadilika. Hata juzi ilikuwa sitini."

Watu wakanigeukia. Mwenyekiti akapata sauti yake. "Mama, daftari si hili hapa? Mzee kaandika mwenyewe."

Mume wangu alisimama, akarudi zile hatua alizokwenda. Hakukasirika. Kilichoniua ni kwamba hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyepata shahidi wake. "Vizuri amesema," akawaambia. "Juzi nilikwenda naye. Alichuchumaa palepale. Mke wangu, waambie ndoo ilijaa kwa ngapi."

Mume huyu nimembishia juu ya chumvi, juu ya mapazia, juu ya ndugu zake wote watano. Lakini nyumbani. Mbele ya watu sijawahi hata siku moja kusema kwamba amekosea.

"Sitini," nikasema. "Wewe ulifika arobaini na nne. Mimi nilifika sitini."

"Unahesabu haraka," akaniambia kwa upole. "Siku zote una haraka wewe." Watu wawili watatu wakacheka.

"Nilikupima na simu, baba watoto. Yale mayai. Dakika zako tano zilikuwa saba."

Niliona anarudi kwenye ile meza, kwenye ile sahani, anakumbuka. "Yalikuwa magumu," alisema.

Injinia alikuja karibu yake. Hakumshika bega, wala hakufanya ile sauti ambayo watu huwafanyia wazee. Alisema tu, "Baba, naomba tuhesabu pamoja. Wewe kwa sauti, mimi na simu." Akamwaga ndoo, akaitega upya.

Mzee akahesabu. Watu wote walikuwa kimya, na kimya kile ndicho kilichofanya zile nafasi zisikike. Kati ya namba na namba kila mtu alisikia maji. Alipofika kidole cha nne ndoo ilikuwa inakaribia ukingo. Alipofika nne nyingine ilimwagika kwenye buti zake. Injinia akageuza simu amwonyeshe. Sitini na moja. Mzee hakusema kwamba simu ni mbovu. Alisema, "Tena." Mara ya pili alijikaza. Niliona midomo inavyojikaza. Alianza kwa kasi, kidole cha kwanza akakikunja sawasawa na simu, lakini kufika cha tatu ulimi ulikuwa umerudi kwenye mwendo wake, na yeye mwenyewe hakuwa na habari. Alipata arobaini na sita. Alitazama vile vidole vinne vilivyokunjwa kama vidole vya mtu mwingine.

Wale waliocheka walikuwa wanatazama chini.

Injinia alikuwa anafungua daftari kurudi nyuma, mwezi kwa mwezi, na nilipochungulia begani kwake nikaona alichokuwa anakiona. Mwezi wa kwanza, tarakimu za mume wangu zilijaza mstari, nene na wima. Mwezi wa nne zilikuwa nusu yake. Za wiki hii zilikuwa ndogo kama mbegu za mchicha. Katikati, mwezi wa sita, palikuwa na sahihi ya injinia mwenyewe.

"Nilikagua ukurasa huu," alisema. "Nilisoma namba. Sikuutazama mwandiko." Halafu akamgeukia mzee. "Kosa ni letu, baba. Umeomba saa miaka sita. Kitu kidogo kama kile."

Sitaki mtu adhani kwamba neno langu lilitosha. Injinia hakuliacha bwawa kwa sababu mama mmoja kachemsha mayai, na nilimheshimu kwa hilo. Alituma mtu ampate yule mwanamke aliyekimbia, amtulize, lakini akasema watu wa chini wakae tayari. Kisha akalipitia tuta lote kwa miguu, mwanzo mpaka mwisho, na mzee wangu mbele akimwonyesha kila mahali panapolowa wakati wa mvua na kila shimo la panya alilowahi kulishindilia. Miguu ilikwenda polepole, macho yalikuwa salama. Walipima maji ndani ya mabomba ya wima yaliyochimbiwa kwenye tuta, waone kama yamepanda ndani ya udongo; hayakuwa yamepanda. Walichota maji ya bombani kwenye chupa ya kioo wakayainua juani, kwa sababu maji yakiwa na tope ndipo ujue udongo unaondoka. Yalikuwa meupe. Saa tisa alasiri injinia akaurudisha ufunguo wa valvu garini. Akasema kwa siku kumi na nne ndoo itapimwa kwa simu, asubuhi na jioni, na yeye atarudi kila baada ya siku tatu. Namba ikitikisika, watu watatoka bila mjadala. Isipotikisika, mahindi yatapata maji yake.

Hakuna aliyeshangilia. Watu walipita mmoja mmoja wakampa mzee mkono. Mwenyekiti alipofika zamu yake alisema, "Pole, mzee," kwa sauti ambayo hata mimi niliyekuwa kando niliisikia kwa shida. Mzee aliwaitikia wote. Nilikuwa nimemwambia pembeni kwamba Jumatatu tunakwenda hospitali, na yeye, mtu aliyekimbia hospitali maisha yake yote, akasema haya.

Tulipobaki watatu akamuuliza injinia, "Na hizi namba za miezi saba, zitakaaje humu?"

"Daftari la bwawa halifutwi, baba, wala halichanwi. Namba isiyo sahihi inapigwa mstari mmoja, ili bado isomeke. Pembeni inaandikwa sababu, na sahihi. Naweza kuifanya mimi ofisini."

"Hapana," alisema. "Niliziandika mimi."

Akaigeuza ndoo akaikalia, daftari magotini. Kurasa saba. Alipiga mstari kila ukurasa, kutoka juu mpaka chini, na mkono ulitetemeka kwa hiyo mistari haikunyooka. Injinia hakutazama saa. Ingekuwa nyumbani, mimi ningekwisha kumnyang'anya kalamu zamani. Siku ile nilisimama, mikono nimeifunga kwenye khanga, na nilikuwa tayari kusimama mpaka kesho. Alipofika ukurasa wa mwisho akaandika maneno pembeni, taratibu, herufi moja baada ya nyingine, akatia sahihi. Kisha akaninyooshea daftari.

"Soma," alisema. "Uone kama panasomeka."

Nililisogeza karibu na macho. Alikuwa ameandika: *Namba hizi si za bwawa. Ni zangu mimi. Bwawa ni zima.*

Nilitaka kumwambia mambo mengi. Mimi, mwenye mdomo. Nikamwambia panasomeka.

"Basi tia sahihi na wewe," akasema, akanipa kalamu. "Aliyehesabu sawa ni wewe."